Koti Chini ya Suruali za Wanene

Ramadhani hii Mama aliamua kumfundisha mdogo wangu Yosr thamani ya pesa. Mimi alishanikatia tamaa. Alimpa dinari ishirini mkononi, akamwambia, "Nguo na viatu vya Idi utajinunulia mwenyewe. Ukinunua kijinga utavaa kijinga, na shangazi zako wote watakuona."

Yosr ana miaka kumi na roho ya mkopeshaji. Akazikunja noti ndani ya soksi, tukaenda na Mama mtaa wa Hafsia, kwa Ami Lazhar wa mitumba.

Kwa Ami Lazhar bei hushuka kama homa. Siku ya kufungua belo, kila kitu mezani ni dinari ishirini, na akina mama hupigana viwiko utadhani hawajafunga. Kila siku anapunguza, hadi siku ya mwisho ya wiki, ambapo hata shati la waziri utalipata kwa dinari mbili, kama bado lipo. Visivyoshuka ni vile anavyovitundika ukutani. Bei ya ukutani haina mjadala.

Belo lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Yosr akaibuka na koti la mahameli, la kijani, vifungo vya dhahabu ya uongo. Alipolivaa, hata mimi nilikosa la kumtania.

"Nunua basi," nikamwambia.

"Halafu Idi nivae koti na miguu mitupu? Nasubiri lishuke."

Akaangalia kushoto, kulia, akalisokomeza chini kabisa ya rundo la suruali za wanaume wanene, mahali ambapo hakuna mwenye akili anayechimba.

Mama akamwona. "Aibu! Kuficha nguo ni tabia ya watu waliokosa malezi!" Alisema hivyo akitokea kwenye kona ya soksi za vichanga, na nyumbani kwetu hakuna kichanga.

Siku mbili Yosr alipita baada ya shule kulipapasa koti lake, akarudi anaimba. Ya tatu nikaenda naye. Tulikuta Ami Lazhar anafunga, mlango wa chuma ameushusha nusu. Tukainama kuchungulia. Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye suruali za wanene, akazamisha mkono hadi begani kama mtu anayejua kuku wake anatagia wapi, akatoka na koti la kijani. Akalitundika ukutani, akalibandikia bei: thelathini na tano. Kisha akaanza kuzunguka kukusanya mayai mengine: buti chini ya mablanketi, gauni nyuma ya mapazia.

"Dada Wafa," Yosr akanong'ona, "kumbe sisi ndio tunamchagulia. Tena bure!"

Nilicheka nusura nifungue saumu. Yeye alilia njia nzima, kamasi kwa machozi, koti langu, koti langu. Tulipofika kwa muuza maandazi ya bambaluni akanyamaza ghafla. Hapo ndipo nilipoogopa. Yosr akinyamaza hivyo, ujue zamu ya kulia ni ya mtu mwingine.

Siku ya mwisho ya wiki duka lilifurika. Akina mama walikuwa wanachimbua kila mmoja maficho yake, nyuso kama za watu waliopotelewa na mbuzi. Yosr akasimama chini ya ukuta.

"Ami, lile koti?"

"Thelathini na tano, binti yangu."

"Lilikuwa mezani. Na meza leo ni dinari mbili."

"Sasa liko ukutani. Niondokee, sijavuta sigara tangu alfajiri."

"Inama kidogo, ami, nikuulize." Mzee akainama. "Hawa akina mama wanajua nani anawafukulia walivyoficha?"

Ami Lazhar akawatazama wale wanawake. Walikuwa wengi, wana njaa, hawajaonja kahawa, na viwiko wanavyo.

"Nani kakufundisha haya?"

"Mama. Ananifundisha thamani ya pesa."

"Kumi na tano."

"Nipige kelele?"

"Kumi!"

Yosr akavuta pumzi. Kifua kikajaa, mdomo ukafunguka hadi nikaona kidakatonge.

"Mbili! Chukua kwa mbili, jambazi mkubwa we!"

Yosr alikuwa bado anafunga vifungo Mama alipotujia kutoka kwenye soksi, jasho linamtoka.

"Hamjaona mkoba wa ngozi, wa kahawia? Nilikuwa... niliuona tu pale siku ile."

Yosr akanyoosha kidole juu. Mkoba ulikuwa ukutani, dinari sitini. Mama akautazama, akazitazama soksi, akatutazama sisi.

"Nikikutolea kwa mbili," Yosr akasema, "utanipa ngapi?"

"Mimi? Mamako mzazi?"

"Ndiyo maana nakuuliza kwa upole."

"Tatu. Mtoto huna haya."

"Tano."

Mama akafungua pochi huku akimwomba Mungu ampe subira. Yosr akazitia noti ndani ya soksi na kugeuka kuelekea ukutani. Hakuwa amepiga hata hatua ya pili, Ami Lazhar alishachukua fimbo yake ndefu, anauteremsha mkoba.