Sura ya Aliyefukuzwa

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa anasugua sufuria iliyounguza maziwa. Bosi wake alikuwa mezani, simu kaibana begani, anapaka kucha rangi. Pete yake ilikuwa imepotea, msichana wa kazi aliyetangulia alishafukuzwa kwa ajili hiyo, na bado maneno hayajaisha.

"Shoga yangu, usijichoshe kutafuta mwingine," bosi alisema. "Wasichana wa kazi wote ni wale wale. Ukimwona mmoja umewaona wote."

Aliyasema hayo mbele ya mwanamke mzima mwenye watoto wawili, kisha akapuliza kucha.

Kufika saa sita, pua ya Mama Pacha ilikuwa imebadilika. Alasiri, alipopanda kwenye paa kuanika mashuka, sura yote ilikuwa ya yule aliyefukuzwa, mpaka kidoti cheusi chini ya jicho. Wafanyakazi wa ghorofa nyingine walikuwa wameshafika. Wote walikuwa na sura hiyo hiyo.

"Wewe nani?" mmoja aliuliza.

"Mama Pacha."

"Haya. Mimi wa ghorofa ya chini. Hebu nipe vibanio."

Wakatambuana kwa nguo walizoanika, wakalalamika kwamba kidoti kinawasha, wakashuka kazini.

Bosi hakuona kitu. Wiki nzima aliletewa chai na sura ya mtu aliyemfukuza kwa wizi, naye akaagiza sukari. Hapo ndipo roho inapochafuka: hakuwahi kumwangalia Mama Pacha usoni, hata siku ya kumwajiri.

Jumapili Mama Pacha alikwenda kwa mdogo wake, anayemlelea watoto. Pacha hao walifanana hadi mtaa mzima ulichoka kuwabahatisha. Mama yao tu hakuwahi kukosea, hata gizani. Walimchungulia kutoka nyuma ya mlango.

"Wewe ni yupi?" mmoja aliuliza.

"Ni mama yenu," mama yao mdogo alisema. "Sauti si mnaisikia? Ikaririni hiyo sura, ndiyo yake sasa."

Wakaikariri, wakianzia kwenye kidoti. Jioni mmoja alikubali kukaa mapajani.

Jumatatu pete ilipatikana kwenye mfuko wa koti la bosi mwenyewe. Akapiga simu kusimulia.

"Nilikuwa nayo mwenyewe, hebu fikiria! Lakini hata hivyo, shoga, angeiba tu. Wote ni wale wale."

Akageuka kuagiza maji, na kwa mara ya kwanza akamtazama Mama Pacha usoni.

"Kumbe umerudi," alisema. "Nilijua huna pa kwenda."

Mtu angetamani kusema mabosi wote wako hivyo. Bora kuyameza. Tumeshaona maneno ya namna hiyo yanafanya kazi gani.

Jumapili iliyofuata Mama Pacha aliongozana na mwenzake wa ghorofa ya chini, ambaye hana ndugu wa kumtembelea siku ya mapumziko. Njiani Mama Pacha alisimama kununua machungwa, mwenzake akatangulia. Pacha walikuwa wanamsubiri mama yao mlangoni. Walikiona kidoti, wakatoka mbio, wakamrukia shingoni.

"Mama! Mama!"

Yule mwanamke hakuwahi kuitwa hivyo. Akawakumbatia wote wawili, akafumba macho. Mama Pacha akafika na mfuko wake wa machungwa, akasimama pembeni, akangoja wamalize.