Sauti ya Mama Mdogo

Ndugu wawili walipogawana shamba la baba yao pale Simkhet, kijiji cha milimani, mume wa Hansuli ndiye aliyechagua kwanza, maana ndiye mkubwa. Akachukua nyumba ya chini, karibu na barabara na chemchemi. Hansuli alifurahi mpaka akaona haya kumtazama Basanti, mke wa shemeji yake, akipandisha ndoo kule juu kwenye upepo. Nani angejua kwamba siku moja watu watatoka Delhi na kulipa pesa ili waamke watazame theluji? Ukiwa nyumba ya juu unaviona vilele vyote, vyeupe, vimejipanga kama meno. Ukiwa nyumba ya chini unaona misonobari na paa la choo cha Basanti.

Jambo hilo lilimkaa Hansuli rohoni. Naye alikuwa na vyumba vya wageni, amevipaka chokaa, ametandika mablanketi mapya. Wageni walishuka garini mlangoni pake, wakaomba maji, wakanywa, kisha wakauliza njia ya kwa Basanti.

"Dada, wamekusumbua?" Basanti alimwuliza siku moja alipokuja kupokea mizigo.

"Wanisumbue nini, mdogo wangu? Mimi si ni bomba la njiani tu?"

Basanti akacheka, akidhani ni utani. Hata kicheko hicho Hansuli akakiweka moyoni.

Basi akawa anampa maneno binti yake Janki jikoni, huku anakanda unga wa wimbi. Usile kwake, samli yake imevunda. Akikuita, jifanye hujasikia.

"Lakini mama mdogo ananipa karanga."

"Anakupa bure? Anataka umwoshee vyombo vya wageni wake."

Janki alikuwa mtoto msikivu. Zamani akiitwa kutoka juu alipanda mbio. Sasa akawa anainamisha kichwa na kuendelea kufagia ua. Basanti aliita, akaita tena, kisha akanyamaza. Hansuli akiwa nyuma ya mlango alisikia raha ile ya mtu anayejikuna kidonda.

Hansuli mwenyewe akaacha kabisa kupanda kule juu. Njia ya msituni inapita uani kwa Basanti, naye hakutaka kuona viatu vya wageni vimepangwa pale barazani. Kuni akawa anakata upande wa bonde.

Mvua zilipokwisha, nyumba ya juu ilijaa, na mke na mume fulani wakalala kwa Hansuli kwa kukosa nafasi. Asubuhi wakataka kwenda kuona maporomoko ya maji yaliyo nyuma ya hekalu. Hansuli alikuwa amewapikia kwa mikono miwili, na sasa akataka waone kitu ambacho wageni wa Basanti hawajakiona.

"Wapitishe njia ya zamani, ile ya ukingoni," alimwambia Janki. "Hiyo theluji anayoringia mama yako mdogo, pale iko puani."

Hakujua kwamba mvua ilikuwa imeila ile njia. Kila aliyekwenda kukata majani upande ule alijua. Yeye hakuwa akienda.

Ukungu ukapanda kutoka bondeni. Hansuli alikuwa akianika mashuka alipoisikia sauti ya Basanti huko juu, kwenye mteremko wa majani.

"Janki. Janki wee. Simama hapo hapo."

Kimya.

"Janki, mwanangu, usiende mbele."

Kimya tena. Na jambo la kwanza lililomjia Hansuli, kabla hajaelewa neno lenyewe, lilikuwa furaha: mtoto haitiki. Mtoto ni wangu. Shuka lilikuwa bado mkononi aliposikia mawe yakiporomoka, na yule mgeni mwanamke akipiga kelele.

Alikutana nao uani kwa Basanti. Janki alikuwa mgongoni mwa mama yake mdogo, amefungwa kwa kamba ya kufungia majani, mguu mmoja unaning'inia vibaya. Magoti ya Basanti yalikuwa yanavuja damu.

"Nilimwita, dada," Basanti alisema akihema. "Sijui kwa nini hakunisikia."

"Nilisikia," Janki akasema. "Mama, si ulisema nisiitike?"

Basanti aliifungua ile kamba. Alimlaza mtoto barazani, katikati ya viatu vya wageni, akaenda kutafuta gari.

Mguu uliunga, ingawa umebaki mfupi kidogo. Hansuli alipanda kwa Basanti akaomba msamaha, akapewa chai, akanywa. Tena akamwambia Janki waziwazi: "Mama mdogo akikuita, itika. Mimi nilikosea."

Juzi Basanti aliita kutoka juu, chapati zimeiva. Janki alisimama na ufagio wake. Alisikia, ilionekana wazi kwamba amesikia. Lakini kabla ya kufungua mdomo aligeuka, akamtazama mama yake usoni, akangoja.