Cherehani Iliyokula Majani

Asubuhi ya Jumamosi moja, mwezi wa tatu mwaka wa 1953, Wachuka alifagia chini ya cherehani yake akakuta majani yaliyotafunwa nusu na mavi ya mbuzi, mengi kidogo kuliko ya jana. Akayazoa kwa karai pamoja na majivu ya jikoni, akayamwaga kwenye kabichi. Mbolea ni mbolea. Kisha akaketi kumalizia kola ya shati la nyapara Kimaiyo, ambaye alikuwa amesema atalipitia saa nne.

Cherehani ilikuwa na miguu minne ya chuma, na ilikuwa imemgharimu mbuzi kumi na wawili. Miaka mitatu nyuma, bwana mwenye shamba, huko juu Mau Narok, alitangaza kwamba kila nyumba ya skwota, yaani kibarua anayeishi hapo shambani, itafuga mbuzi mmoja tu. Majani yaliyobaki ni ya kondoo wake. Wanawake wakakaa wakashauriana, wakaona dawa ni kununua vitu visivyokula majani. Mmoja akanunua kitanda cha springi, mwingine baiskeli, mwingine sufuria tatu kubwa na saa ya ukutani ambayo nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kuisoma. Kitu kama hicho hakifi kiangazi, hakishikwi na homa, na ukikitunza mtoto atakirithi. Wachuka alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Wangu. Aliuza mbuzi wote, hakubakiza hata yule mmoja wa ruhusa, akanunua cherehani.

Kosa lake lilikuwa dogo. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba mbuzi mgeni akiingia zizini hufungwa kamba ya yule aliyetoka, ili baraka isihame. Wachuka hakutaka baraka ihame. Akachukua kamba ya yule jike aliyekuwa akiongoza wenzake, akaifunga kwenye mguu wa cherehani. Wiki ya pili cherehani ikaanza kutafuna godoro la majani. Mwezi wa pili ikawa inamfuata mtoni, miguu yake ikigonga mawe, na kusimama kando mpaka amalize kuchota.

Majirani hawakuona la kusema, kwa sababu ilishona vizuri. Tena iliburuta vingi nyuma yake. Kitambaa cha amerikani na vifungo vilitoka duka la Mhindi kule Njoro. Wachuma maua ya pareto walivaa makoti iliyoyashona, wakaweza kuingia shambani hata asubuhi za jalidi. Viazi walivyomlipa vilishuka Nakuru kwa magunia. Wangu akawa darasa la pili, na viatu anavyo.

Saa nne Kimaiyo akaja, mkono mmoja umeshika daftari la kuhesabu mifugo. Alivaa shati papo hapo, akajigeuza mbele ya askari aliyefuatana naye, akaridhika. Cherehani ilikuwa imetoka nje, inakula kando ya ua.

"Mama Wangu, huyu mbuzi wako anashona?"

"Anashona kuliko bibi yako."

Askari akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kimaiyo naye akacheka.

"Lakini bwana amesema kinachokula majani ya shamba ni mfugo wa shamba."

"Si kila nyumba ina ruhusa ya mmoja? Mimi huyu ndiye wangu. Andika."

"Umri?"

"Miaka mitatu. Na meno yote anayo."

Kimaiyo akaandika kwa wino: mbuzi mmoja, jike, wa chuma.

Jumanne malori yalikuja. Wakikuyu wote wa shamba lile waliambiwa wanarudishwa rizavu, eneo walilotengewa na serikali, hata wale ambao, kama Wachuka, walizaliwa Mau na hawakuwahi kuiona hiyo rizavu. Afisa kijana alisimama juu ya kreti akasoma amri. Kila mtu achukue vyombo anavyoweza kubeba mwenyewe. Mifugo ibaki, itauzwa.

Wachuka alifunga blanketi na sufuria mbili. Kisha akainama, akapitisha mkanda wa ngozi kwenye paji la uso, akaibeba cherehani mgongoni kama mzigo wa kuni, akaja nayo mpaka kwenye lori. Ilitulia. Ilikuwa imemzoea.

Afisa akafungua daftari la mifugo.

"Hapa imeandikwa mbuzi."

"Ni chombo, afande. Nimekibeba mwenyewe, umeona. Huko tunakopelekwa sina shamba. Mtoto huyu atakula kwa hiki."

Afisa akamtazama nyapara. Kimaiyo alikuwa amevaa lile shati.

"Kimaiyo," Wachuka akasema, "si tulikuwa tunacheka tu?"

"Tulicheka," Kimaiyo akasema. "Lakini majani inakula, Mama Wangu. Mimi ningeandika nini?"

Akaishusha mgongoni mwa Wachuka kwa uangalifu, mkono chini ya gurudumu, akaifunga kwenye kigingi pamoja na mbuzi wengine tisa. Lori lilipoondoka mbuzi walilia, na cherehani ililia pia, sauti nyembamba ya chuma kisichotiwa mafuta. Watu ndani ya lori walijibanza kidogo ili Wachuka apate pa kuketi.

Walikaa siku tano Nakuru, ndani ya uzio wa waya karibu na reli, wakingoja treni. Siku ya tano, saa nane mchana, Wachuka aliiona cherehani ikipita barabarani. Fundi mmoja wa nguo wa mjini, jina lake Micah, alikuwa ameinunua mnadani, na sasa anaivuta kwa kamba. Ilipofika mbele ya uzio ikasimama. Micah akavuta. Ikakaza miguu.

"Usiivute hivyo, utaivunja," Wachuka akasema kutoka ndani. "Tangulia wewe. Itakufuata."

Micah akavua kofia. "Ilikuwa yako, mama?"

"Ilikuwa yangu."

"Pole. Inakula nini?"

"Majani makavu. Ikila mabichi uzi unakatika. Na mafuta uitie asubuhi, tone moja tu."

"Asante, mama."

Micah akatangulia. Cherehani haikusogea. Ilikuwa imemwelekea Wachuka, na sindano yake ikapanda na kushuka mara moja, bila kitambaa.

"Inanitazama mimi," Wachuka akasema. "Ngoja."

Akaupa uzio mgongo, kama mtu afanyavyo mbuzi wake akishauzwa, ili mnyama asiwe na uso wa kurudia. Akangoja. Hakusikia hatua. Alipoinua macho akaona Wangu bado anatazama barabarani, vidole vimeshika waya.

Wachuka akakishika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili, akamgeuza naye.

Ndipo ikaenda.