Kitufe Kilichosubiri

"Huu mchezo unanisubiri," alisema mama mdogo, na hakuwa anausifu.

Aliisukuma pedi ya kuchezea gemu hadi katikati ya meza. Kwenye kioo cha runinga ya kichogo ndege yake ilikuwa bado inaelea, nzima, imenyooka kama iliyopigiwa rula, katika hatua ambayo mimi, mwenye mikono isiyo na tatizo, sijawahi kuivuka. Mama yangu, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi, aliacha kukunja.

"Unashinda, halafu unanuna," alisema mama. "Kweli wewe ni mdogo wangu."

"Dada, hebu nipe nafasi kidogo." Kisha akanigeukia. "Waya, umefanya nini humu ndani?"

Waya ni jina alilonipa yeye mwenyewe, enzi za banda lake la gemu, kwa sababu nilikuwa siwezi kukaa mahali bila kuvuta kitu kilichochomekwa. Banda lilikuwa chumba kimoja cha mbele, madirisha yamezibwa kwa maboksi ili mwanga usiingie kwenye vioo, hewa imejaa joto la runinga na jasho la watoto wa shule. Kaseti ikigoma aliichomoa, akaipuliza meno yake, akairudisha kwa kofi dogo, na mashine ikaamka. Yeye alicheza amesimama. Vidole gumba vyake vilikuwa vinakimbia mbele ya macho yake, na vijana waliokuja na majivuno yao waliondoka wameyakunja mfukoni.

Alikuwa na sheria moja tu. Watoto wakubwa walipenda kuwarukia wadogo zao kwenye hatua ngumu, wakawafunika vidole na kubonyeza kwa niaba yao. Mama mdogo hakugomba. Alizima runinga. "Umemshika mkono," alisema, na wote wawili walitoka nje.

Kisha simu zikaingia mifukoni mwa watu, banda likafa, na ugonjwa wa kutetemeka ukaja. Ulianzia kwenye kidole gumba cha kulia, kana kwamba ulijua pa kuanzia. Ukapanda hadi kiganjani, ukavuka hadi mkono wa pili. Dawa zilipunguza mtetemo, hazikuuondoa. Alipohamia kwetu aliacha kwanza kunywa chai mbele ya watu, kisha akaacha kuwapa wageni mkono, kisha akaacha kabisa kuja sebuleni. Alikuwa akishinda kwenye chumba cha nyuma, amekaa juu ya vidole vyake. "Nimebaki mdomo tu," alimwambia mama.

Maneno hayo yalininyima utulivu. Nilikuwa na diploma yangu ya elektroniki, ajira ya kutengeneza simu za watu, na kichwa kisichojua kukaa na jambo bovu bila kulifungua nati. Nikazitafuta mashine yake na kaseti ya ndege, nikaanza kumtengenezea pedi mpya: kisanduku cha mbao kipana, vitufe vikubwa kama vifuniko vya mitungi, na ndani yake bodi ndogo, ukubwa wake kama kiberiti, ya kusoma vitufe na kuiambia mashine la kufanya. Nilikuwa nalehemu, nabandua, nalehemu tena. Mama alipita akasema, "Huyo mama yako mdogo utamwasha kama taa."

Sasa, kitufe ukikibonyeza hakigusi mara moja tu. Vile vipande vya chuma ndani yake vinagongana, vinaruka, vinagongana tena kabla ya kutulia, na bodi ina haraka kuliko binadamu, kwa hiyo inahesabu kila mruko. Ndiyo maana unaiandikia amri ya kusubiri: ukisikia mguso, nyamaza kidogo, uhakikishe. Kila fundi wa pedi anaiandika. Mimi nilimtazama mama mdogo akihangaika na vifungo vya blauzi yake, nikarudi kwenye kompyuta, nikaurefusha huo ukimya hadi ukatosha kuumeza mtetemo wote. Mikono ingetetemeka inavyotaka. Ndege isingejua.

Na kweli haikujua. Nilimbembeleza akaja sebuleni, akacheza, akavuka hatua baada ya hatua, nami nilikuwa karibu kupiga vigelegele aliposukuma pedi.

Nikamweleza. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo umenishika mkono."

"Hapana, mama mdogo. Nimechuja tu."

"Umechuja nini?"

"Mtetemo."

"Ni wa nani?"

Nikaivuta pedi upande wangu.

"Toa," alisema.

"Mwache mtoto," mama akaingilia. "Amekesha na kidude hiki, na wewe umecheza vizuri."

"Nani amecheza?"

Nilichomeka waya wa kompyuta kwenye bodi. Nilijua kitakachotokea. Ndege ingeyumba, ingekufa, naye angeinuka na kurudi chumba cha nyuma, na safari hii asingetoka kwa kubembelezwa na mtu yeyote. Wazo likanijia: niache ukimya kidogo, niseme nimetoa wote. Namba ndogo tu, kwenye mstari mmoja. Nani angejua? Nikainua macho. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akiwatazama wale watoto wakubwa, kidole kikiwa kwenye swichi.

"Nimeacha ule ukimya wa chuma peke yake," nikasema hatimaye, na ilikuwa kweli. "Bila huo kitufe chenyewe kinapagawa, hata kwangu."

"Chuma kina haki yake," alisema. "Lete."

Ndege ilitetemeka kuanzia mwanzo. Ikaenda kulia alipotaka kushoto, ikamwaga risasi kwa mafungu, ikajigonga kwenye ukuta wa kwanza, ule ambao watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiupita wakitafuna miwa. Mama akageukia nguo zake. Ikaanza upya, ikafa palepale.

"Hapo," alisema mama mdogo, akishusha pumzi, "hapo nimekufa mwenyewe."

Hakuinuka. Aliivuta pedi ukingoni mwa meza, akabana viwiko ubavuni, akajaribu kubonyeza kwa kiganja badala ya kidole. Ndege ikaupita ukuta, ikafia mbele yake. Akakohoa. Akaupachika mkono wa kulia chini ya wa kushoto, ili mmoja uwe uzito wa mwingine, akaanza tena. Kiti chake kilikuwa kifupi kwa meza ile. Nikaona mto ungefaa. Nikaona pia kitufe cha kushoto kingesogezwa kidogo tu, na nikaona bisibisi ilipo, nikanyanyuka.

"Waya," alisema, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Kaa."

Nikakaa. Mikono yangu nikaikalia, maana ndiyo iliyokuwa haitulii.