Katoni Moja ya Rotich

Rotich alipotoa ganda la risasi mfukoni na kulisimamisha juu ya meza ya duka, Mwikali alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa ameombwa kutafsiri tu. Rotich, mwalimu wa michezo wa Eldoret aliyegeukia biashara ya vifaa vya shule, hakujua Kichina hata cha kuombea maji, na Mwikali alikuwa ameishi Guangzhou miaka tisa.

"Muulize kama ako nazo," Rotich alisema. "Za bastola ya kuanzishia mbio. Hazina kichwa, ni mlio tu. Nyumbani zimeisha kabisa na michezo ya shule iko karibu. Kama hana, muulize baruti. Maganda tutajaza wenyewe. Tumejaza na unga wa viberiti mpaka vidole vikaungua."

Baruti! Katika mji ambao hata kisu cha kukatia vitunguu hakiruhusiwi kwenye treni! Mwikali hakulitafsiri neno hilo, wala mwenye duka hakungoja atafsiriwe. "Mei you," alisema, hakuna, akawapa mgongo. Duka la pili, mei you. La tatu likateremsha mlango wa chuma mchana kweupe. Rotich wala hakushtuka. Kwa kuwa abiria na mizigo yao hukaguliwa kwa mashine stesheni za treni, alitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Zhanxi hadi wa Zhanqian, ganda lake mfukoni kama ufunguo wa nyumba.

Siku nne baadaye alileta katoni kwenye ghala la Msabaha, Mmombasa aliyewakusanyia Wakenya mizigo yao katika kontena moja. Ilikuwa katoni ndogo, nzito, iliyozungushiwa utepe wa gundi mara tatu.

"Ulipata zile vitu?" Mwikali alimuuliza.

"Nilipata kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu tu, Mwikali. Si ni biashara?" Akacheka, macho yake yakiangalia kwingine.

Hapo ndipo chakula kilipomkataa Mwikali. Na tuseme ukweli, hakuwa akimwonea Rotich huruma. Katika kontena lilelile zilikuwa zinaingia katoni zake kumi na saba za raba, viatu vya michezo vyenye jina la kampuni kubwa ambayo haijawahi kuviona. Kwa kawaida kontena hufika bandarini Nansha na kupita bila kufunguliwa. Lakini mashine ya forodha ikiona risasi, kila kitu kitamwagwa sakafuni, raba zitaonekana, viza itakwenda, na karo ya watoto wake wawili kule Machakos itakwenda nayo.

Tangu hapo kila alichofanya Rotich kilikuwa ushahidi. Amemnunulia Msabaha chai? Anamhonga. Anaongea Kikalenjin kwenye simu? Ana la kuficha. Mwikali mwenyewe aliongea Kikamba kwenye simu kutwa, lakini hilo halikuhesabiwa.

Asubuhi ya kupakia, kontena likiwa wazi na wafanyabiashara sita wamesimama karibu, alishindwa kujizuia.

"Hiyo katoni haiingii. Ifunguliwe."

"Dada Mwikali," Msabaha alisema taratibu, "hapa hatufungui mzigo wa mwenzetu. Mtu huja na alama yake kwenye katoni na huondoka na alama yake. Siku zote ni hivyo."

"Ndani kuna baruti. Mimi ndiye nilimtafsiria!"

Watu walirudi nyuma hatua mbili. Rotich alimkaribia Mwikali na kumwambia kwa sauti ya chini, "Njoo kando nikuonyeshe."

"Kando kuna nini? Fungua hapa."

Msabaha akachukua kisu, akakata. Ndani kulikuwa na vipaza sauti vidogo vyenye kifyatuo. Rotich alikichaji kimoja kwa dakika chache, huku ameuma meno, kisha akafyatua. Mlio wa bunduki ukalipuka ghalani, taa nyekundu ikawaka, na watu wazima wakainama.

"Haitaki risasi," alisema. "Haitaki baruti. Ni umeme tu."

Wote wakacheka, isipokuwa Karanja, naye muuzaji wa vifaa vya michezo Nairobi. Yeye alikuwa ameshainamia katoni na simu yake, anapiga picha ya jina la kiwanda. Rotich alimtazama akipiga, moja, mbili, tatu. Mwikali naye aliona, na akaelewa ni nani aliyekuwa akifichwa siri. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nisamehe, Rotich. Niliogopa."

"Uliogopa vizuri," Rotich alijibu, bila hasira yoyote. "Kontena ni letu sote, kila mtu ako na kitu cha kupoteza. Msabaha, tufungue zote."

Hakuna aliyepinga. Msabaha bado alikuwa na kisu mkononi. Katoni iliyokuwa karibu naye ilikuwa na alama ya Mwikali, ya wino mwekundu.

"Dada," alimwambia kwa adabu, "nianze na hii?"

Mwikali alikaa juu ya katoni ile, akazishika kingo zake kwa mikono miwili. Hakuna aliyemuuliza tena ndani kuna nini.