Nota Zilizobaki Chumbani

Jumamosi saa nane mchana, kama kila Jumamosi, bendi ilikutana katika stoo iliyo nyuma ya karakana ya fundi viatu. Stoo ilikuwa na mlango mmoja unaofungukia ndani, dirisha moja lenye nondo, na harufu ya gundi. Mwimbaji, ambaye siku nyingine alishona sare za shule, alifika wa kwanza kwa sababu ufunguo ulikuwa wake. Akafuata shemeji yake, mdogo wa mumewe, na gitaa mgongoni. Kisha akaja Ngurumo, mpiga ngoma, aliyepewa jina hilo na majirani wala si kwa kumsifu. Mwisho aliingia Mwalimu, aliyefundisha hesabu asubuhi na kupiga kinanda mchana.

Walikuwa na wimbo mpya. Mwimbaji aliutunga kwa ajili ya mama yake, ambaye mwezi uliofuata angestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufua mashuka ya hospitali. Ulikuwa wimbo mfupi: beti tatu, kisha kimya cha kuhesabu hadi nne, halafu mwimbaji angemwita mama yake kwa jina, mara moja, bila ala yoyote. Mashine za kufulia zilikuwa zimeyala masikio ya mama. Neno likija peke yake alilisikia. Likija limeandamana na mengine, alitabasamu tu na kuitikia kwa kichwa.

"Hapa mniache," alisema mwimbaji. "Kimya. Moja, mbili, tatu, nne. Ndipo namwita."

"Hamna neno, shemeji," akajibu shemeji yake.

Walipofika kwenye kimya, shemeji akatia nota kumi na saba. Ngurumo, asije akaonekana amelala, akazungusha ngoma zote na kumalizia kwa matoazi. Mwalimu akatandaza kinanda chini ya wote wawili.

Nota za zile beti tatu zilipita ukutani zikaenda zao, kama nota zinavyofanya. Zile za kwenye kimya zilianguka sakafuni zikabaki. Za gitaa zilikuwa nyembamba kama misumari isiyo na kichwa. Za ngoma zilikuwa nzito, kila moja kiasi cha tofali. Za kinanda zilikuwa laini, zenye unyevu, zikinata kwenye soli. Zilikuwa na joto kidogo, kisha zikapoa. Mwimbaji alichukua ufagio akazisukumia pembeni, na wakaanza upya.

Jumamosi ya pili lundo lilifika magotini. Walijaribu kuzitupa uani kupitia dirishani, lakini kila nota iliyogusa ardhi ya nje ililia upya, na muuguzi wa nyumba ya pili, aliyefanya kazi ya zamu, alikuja hadi uani na khanga yake ya kulalia.

"Mimi nalala mchana," alisema. "Kama ni takataka zenu, kaeni nazo humo humo."

Fundi viatu akaona muuguzi ana haki. Akawakataza kutupa nota nje.

Jumamosi ya nne, shemeji alikuja na kitu kipya alichojifunza wiki ile, cha vidole vyote. Alikiweka kwenye kimya. Ngurumo akamjibu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwachia mwenzake uwanja. Lundo likatikisika, likateleza, likakaa mlangoni. Mwimbaji alivuta kitasa mara tatu. Mlango haukusogea hata unywele.

"Nipitishie mkoba wangu," Mwalimu alimwambia Ngurumo. "Nina karatasi za mtihani za kusahihisha."

Fundi seremala aliitwa Jumapili. Aling'oa fremu, akautoa mlango kwa nje, na nyuma yake akakuta nota zimeshikana kama zege. Akazipiga kwa mtaimbo. Zikalia kwa sauti nzuri, lakini hazikuachia.

"Mbao naziweza," alisema, akikusanya vyombo vyake. "Hizi si mbao." Ukuta wenyewe fundi viatu hakutaka uguswe, maana ndio ulioshika paa.

Kwa hiyo wakakaa ndani. Mume wa mwimbaji alileta chakula kila adhuhuri na kukipitisha kati ya nondo.

"Mwambie ndugu yako aache kuujaza wimbo," mwimbaji alimwambia siku ya kwanza.

Mumewe alichungulia ndani. "Mdogo wangu, hujambo?"

"Sijambo, kaka."

Akamrudia mkewe na kushusha sauti. "Ana kipaji, unajua. Nikimbana atasusa, na nyumbani wataniona mimi ndiye niliyemvunja moyo."

"Na mimi niliyebanwa?"

Mumewe alizitazama nondo. "Kesho nikuletee nini?" akauliza.

Jumanne, wanaume walipokuwa wanakula, mwimbaji aliuimba wimbo peke yake, kwa sauti ya chini. Kwenye kimya alinyamaza. Alihesabu hadi nne, akalitaja jina. Jina likapita ukutani, na likabeba nota chache za lundo. Lundo likashuka upana wa kidole.

Aliwaeleza. Mwalimu alipima kwa rula, akapiga hesabu, akasema wimbo ukipigwa vile unavyotaka mara arobaini, mlango utakuwa wazi. Wakakubaliana. Walipiga mara ya kwanza, wakaacha kimya kiwe kimya, na lundo likashuka kiganja kizima. Walipiga mara ya pili. Mara ya tano mwanga ukaonekana juu ya lundo, mstari mwembamba, na mwimbaji alihisi hewa ya uani kwenye paji la uso. Alianza kuwaza atavaa nini siku ya mama.

Mara ya sita shemeji akatia nota tatu.

"Nilikuwa naweka rangi kidogo tu," alisema.

Ngurumo alikuwa ameshajibu. Mwalimu alikuwa ameshatandaza. Kisha, kwa kuwa kimya kilikuwa kimeshavunjika, hawakuona sababu ya kusimama, wakaendelea kwa robo saa. Ule mstari wa mwanga ukafumbwa.

"Wimbo ulikuwa mtupu, shemeji," alisema shemeji, bila ubaya wowote. "Watu watasema hatujui kupiga."

"Si wa watu. Ni wa mama."

"Nami nampenda mama. Ndiyo maana nataka nimpe vyote nilivyo navyo."

Mwimbaji alijua kwamba shemeji yake anasema kweli.

Hadi wiki ya mama kustaafu, lundo lilikuwa limelifunika dirisha, isipokuwa upenyo wa juu wa kupitishia sahani. Shemeji alijichimbia nafasi ya kiwiko. Ngurumo alijichimbia nafasi ya mikono yote miwili, Mwalimu nafasi ya upana wa kinanda. Mwimbaji hakuwa na ala, kwa hiyo alipata kilichobaki. Alisimama amebanwa na ukuta, mikono imenyooka chini. Kuvuta pumzi aliweza, ila si hadi mwisho.

Sherehe ya kumuaga mama ilihamishiwa uani, saa nne asubuhi. Wafuaji wenzake mama walikuja na viti, na mama akaketishwa mbele kabisa, hatua tatu kutoka ukutani. Muuguzi wa zamu naye alikuja. Mwimbaji alimsikia mama yake akikohoa kidogo, kama anavyofanya akiwa amevaa nguo mpya.

"Leo tu," aliwaambia wenzake. "Moja, mbili, tatu, nne. Siwaombi kingine."

"Usiwe na wasiwasi, dada," alisema Mwalimu. Ngurumo aliitikia kwa kichwa. Walikuwa wakimaanisha, wote watatu.

Ubeti wa kwanza ulitoka. Wa pili ukatoka, na wa tatu. Kikaja kimya. Mwimbaji alihesabu moja. Kwenye mbili alisikia kidole cha shemeji yake kikigusa uzi, kwa upole sana, kisha vingine vikakifuata.

Alipofika nne alimwita mama yake kwa jina, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo. Jina halikupita. Liligonga nota za mbele yake, likashuka kifuani, tumboni, likaangukia miguuni pake, laini, kiasi cha yai. Hakuweza kuinama kulichukua.

Nje walipiga makofi kwa muda mrefu. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba huyo wa gitaa ana vidole vya ajabu. Makofi yalipokwisha, mama akazungumza na fundi viatu kwa sauti ile kubwa ya watu wasiosikia vizuri.

"Vijana wamepiga vizuri sana, Mungu awabariki," alisema. "Sasa mwambieni binti yangu atoke aimbe."

"Umesikia, shemeji?" shemeji alisema, akikaza uzi. "Wanataka tena."

Ngurumo akagonganisha fimbo zake mara nne, na mwimbaji akaanza ubeti wa kwanza.