Barua ya Mwalimu wa Darasa la Tano

Nimeendesha boila ya hospitali miaka ishirini na sita. Nikiweka kiganja karibu na bomba najua mvuke umefika wapi kabla sijatazama geji. Halafu ikatoka amri: kila fundi wa boila afanye mtihani wa kuandika, atakayeanguka atahamishiwa kufagia wodi. Nina miaka hamsini na moja, na aya moja ya gazeti hunitoa jasho kuliko tanuri.

Dada yangu mkubwa, ambaye tangu utoto ndiye anayenisomea kila karatasi, akanipeleka kwa mtaalamu. Nilipimwa siku mbili, nikaambiwa si ujinga, ni disleksia, yaani herufi hunichanganya, nimezaliwa nayo, na watu kama mimi huruhusiwa msomaji na nusu saa ya ziada. Ila ofisi ya mitihani inataka barua ya mtu aliyenifundisha utotoni, ndani ya bahasha iliyofungwa, kuthibitisha kwamba tatizo halikuanza juzi niliposikia amri.

Aliyenifundisha na bado yu hai ni mmoja tu, mwalimu wa darasa la tano, darasa nililoachia shule. Nilimkuta barazani kwake, mguu mmoja juu ya kigoda, umevimba.

"Wewe si Kobe?" akasema. Jina hilo alinipa yeye.

Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akajibu kwamba yeye ni mtu wa haki, ataandika alichokiona, hatapunguza wala kuongeza. Akajaza kurasa mbili, akalamba gundi ya bahasha taratibu kama anaonja asali.

Siku ya mwisho ya maombi ya mtihani tulipanga foleni ofisini mafundi kumi na watano, wote tunajuana. Karani, binti mpole, akaeleza utaratibu: kwa kuwa mwombaji hawezi kusoma, atasomewa barua na kukiri kila jambo. Akikana hata moja, barua nzima haina kazi. Nikamwomba tuingie chumba cha ndani. Akasema kimejaa mafaili.

Akaanza. Kwamba niliandika herufi kinyume mwaka mzima. Ni kweli. Kwamba nilichapwa kila Jumatatu na sikubadilika. Ni kweli. Kwamba siku moja nilisimamishwa juu ya dawati nisome mbele ya wenzangu, nikajikojolea.

"Na dawati lilikauka, mzee?" fundi mmoja akauliza nyuma yangu. Foleni ikaangua kicheko.

Nikasema ni kweli. Karani akageuza ukurasa, akasita, akashusha sauti. Haikusaidia, maana kila mtu alikuwa ametega sikio.

"'Mama yake mzazi alikuja shuleni,'" akasoma, "'akaniambia nisipoteze chaki kwa huyu. Akasema amezaa mara mbili, lakini mtoto anaye mmoja.'"

Mama alifariki miaka tisa iliyopita. Mimi ndiye niliyemuuguza, nikambeba kumpeleka bafuni na kumrudisha, na mpaka siku ya mwisho aliniita baba. Huenda mwalimu alidanganya. Huenda alimchanganya na mzazi mwingine. Pale sikuwa na wa kumuuliza, na maombi yalikuwa yanafungwa saa sita.

"Ni kweli au si kweli, mzee?"

"Ni kweli."

Akagonga muhuri.

Mtihani nilifaulu. Msomaji alisoma, mimi nikajibu, na ile nusu saa ya ziada sikuihitaji yote. Boila bado ni yangu. Matokeo yalipotoka dada alifurahi mpaka akatokwa na machozi. Ndipo nikamweleza alichoandika mwalimu kuhusu mama, nikamuuliza kama yawezekana.

Alikuwa anakunja nguo. Akalikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ulikuwa mdogo," akasema. "Na mama alikuwa amechoka."